Nyuzi Nne, Mikono Mingi: Historia ya Besi Katika Kwaya Yetu



Kurasa nyingine za kijitabu hiki zimeeleza jinsi kwaya yetu ilivyoanza, wachungaji waliotulea na safari tulizofanya katika miaka hii 25. Sisi wa upande wa vyombo tuliombwa kurasa chache tu. Tulipokaa kikao kila mtu alitaka chombo chake kiandikwe: wa kinanda, wa ngoma, wa kayamba. Mwishowe tulikubaliana kuandika juu ya chombo kimoja, tena kile ambacho wengi wenu hamkisikii mpaka kinyamaze. Chombo hicho ni gitaa la besi.

Sababu yetu ni hii. Kotile ni mahali pa watu wa kuja na kuondoka. Mwalimu huja na barua ya kazi na huondoka na barua ya uhamisho. Ndivyo ilivyo kwa muuguzi, kwa askari na kwa afisa wa kilimo. Mpiga besi wetu karibu kila mara alikuwa mmoja wao. Ukiifuata mikono iliyolishika gitaa hilo, utaiona historia ya kwaya nzima, pamoja na kosa letu moja ambalo tumeona si vizuri kulificha siku ya yubile.

KABLA YA WAYA NA SPIKA

Tulianza bila chombo chochote. Tulikuwa na sauti nne, makofi na kayamba. Mwalimu wetu wa kwaya aliandika noti ubaoni kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Huo ni mtindo wa sol-fa ambao John Curwen aliueneza kule Uingereza katika karne ya 19, na wamishenari wakauleta Afrika. Mpaka leo kwaya nyingi za Kenya na Tanzania huusoma huo kuliko noti za mistari mitano. Sauti ya nne, yaani besi ya koo, ndiyo iliyokuwa msingi wetu. Walikuwa wanaume watatu tu, na mmoja wao akipata mafua kwaya nzima ilitikisika.

Wenyeji wa mto huu hawakuhitaji kufundishwa kuimba. Wapokomo wamesikia Injili tangu karne ya 19, kwani wamishenari wa Kijerumani wa Neukirchen walifika Ngao, upande wa chini wa Mto Tana, mwaka 1887. Tena tuseme jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui: Wimbo wa Taifa tunaousimamia kila siku ya sikukuu ulitungwa kutokana na wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki watano iliandaa wimbo wa nchi mpya, na Mzee Meza Morowa Galana, Mpokomo, ndiye aliyewapa wimbo huo wa mama zake. Basi mtu asiseme kwamba muziki ulifika huku kwa lori pamoja na spika. Ulikuwapo. Kilichofika kwa lori ni gitaa.

GITAA LAINGIA KANISANI

Gitaa la besi la umeme si chombo cha kale. Zamani sauti nzito katika bendi za Ulaya na Marekani ilitoka kwenye fidla kubwa kuliko mpigaji mwenyewe, ambaye ilimlazimu kusimama nayo. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa California, alianza kuuza gitaa la nyuzi nne nene lililoweza kuvaliwa begani na kuchomekwa kwenye amplifaya. Mpigaji akapata wepesi wa kubeba, na sauti yake ikapata nguvu ya kusikika juu ya ngoma. Chombo hicho kilipofika Afrika Mashariki na Kongo, kiliingia kwanza katika rumba na benga. Wazee wetu wanaokumbuka Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978, wanajua kazi ya Tom Malanga kwenye besi: haraka hana, kelele hana, lakini wimbo mzima umekaa mgongoni pake.

Hapo ndipo penye ugomvi wetu wa kwanza. Tulipopendekeza kununua gitaa, baadhi ya wazee wa kanisa walisema hicho ni chombo cha baa. Hatukuwalaumu, maana wengi wao walikuwa wamekisikia huko tu. Kilichotusaidia ni kaseti za Tanzania. Kwaya kama AIC Chang'ombe ya Dar es Salaam na AIC Makongoro ya Mwanza zilikuwa zikiimba Injili kwa magitaa, na kaseti zao zilisikika katika matatu na nyumbani kwa wazee walewale. Mama mmoja wa sauti ya pili aliuliza katika kikao, kwa upole, kama kaseti iliyo kabatini kwa mzee ilipigwa kwa filimbi. Watu wakacheka, mzee naye akacheka, na hoja ikapita.

Tulifanya harambee. Wengine walitoa pesa, wengine walitoa maembe na ndizi za shambani ziuzwe. Gitaa la kwanza tulilinunua kwa haraka kutoka kwa muuzaji mmoja wa mji wa mbali ambaye jina lake tunamwachia Mungu. Lilikuwa na rangi nyekundu ya kupendeza na shingo iliyopinda. Kila noti ya juu ilitoka nje ya sauti. Tulipiga nalo hivyo hivyo mwaka mzima tukidhani kosa ni la masikio yetu.

DO, FA, SOL

Mpiga besi wetu wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa magharibi mwa Kenya. Hakuwa amesomea muziki. Alijua sol-fa na alikuwa na subira, na hivyo viwili vilitosha.

Tueleze kidogo kazi yenyewe, kwa ajili ya waumini wanaodhani mpiga besi anagusagusa tu. Gitaa la besi lina nyuzi nne: E, A, D na G. Ule mnene kabisa hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na ndiyo maana unausikia kifuani kabla hujausikia masikioni. Shingoni kuna vyuma vidogo vilivyopangwa kama ngazi, na nafasi kati ya chuma na chuma sisi tuliita chumba. Mwalimu aliandika kwa chaki pembeni mwa shingo. Kwa wimbo wa G, do iko chumba cha tatu cha uzi mnene. Fa iko chumba hicho hicho katika uzi wa pili. Sol iko vyumba viwili mbele ya fa. Mwenye noti hizo tatu ana uwezo wa kubeba nusu ya nyimbo za kitabu. Na sauti ya kwanza wakilalamika kwamba wimbo uko chini, husogeza mkono mzima vyumba viwili, umbo likiwa lile lile, na tayari yuko A.

Baada ya hapo alijifunza kutembea: badala ya kuruka kutoka sol kwenda do, anapitia la na ti, ili mwimbaji aongozwe mlangoni kabla ya kuingia. Kisha akajifunza jambo gumu kuliko yote, nalo ni kunyamaza. Besi na ngoma kubwa lazima viende pamoja. Mguu wa mpiga ngoma ukishuka, kidole cha mpiga besi kishuke. Anayejaza kila nafasi kwa noti huwafukuza waimbaji. Mwalimu alikuwa akisema kwamba akisifiwa sana baada ya ibada, anajua siku hiyo amepiga vibaya, kwa sababu watu wamemsikia yeye badala ya wimbo.

VYOMBO NA JUA LA KOTILE

Aliyetengeneza gitaa hakufikiria joto letu. Mchana mbao hupanuka na nyuzi hulegea, jioni hukaza. Tulijifunza kutolifungia gitaa kwenye chumba cha mabati, bali kulifunga kwa leso na kuliweka mahali penye kivuli. Tulikuja kugundua pia kwamba ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma ambayo hukazwa kwa spana ndogo ya pembe sita, robo mzunguko kwa siku moja, si zaidi. Lile gitaa jekundu lilinyooka kwa njia hiyo, baada ya mwaka wa aibu.

Nyuzi za besi ni ghali na haziuzwi hapa. Zikichoka na kupoteza mlio tulizifungua, tukazichemsha kwenye sufuria ili jasho na vumbi vitoke, tukazikausha na kuzirudisha. Hupata uhai wa majuma machache. Kuna Jumapili moja chai ya kwaya ilichelewa kwa sababu sufuria ilikuwa na nyuzi.

Kosa letu kubwa la vifaa lilikuwa kuchomeka besi kwenye spika ndogo ya gitaa la kawaida. Sauti nzito huhitaji spika pana na nguvu nyingi za umeme, na ile ndogo ilipasuka katikati ya wimbo wa sadaka. Tuliibandika kwa kitambaa na gundi, ikaendelea kukoroma kama mtu aliyelala, hadi tulipopata spika ya inchi 15. Umeme wetu ulikuwa jenereta la kuazima, au betri ya gari na inveta, ambayo nayo huongeza mlio wake wa nyuki. Waya za jeki tulizichomelea wenyewe. Ndugu wawili wa kwaya hii leo wanatengeneza redio na simu kwa riziki yao, na ufundi huo walianza kwa kuchomelea waya za besi.

MIAKA YA KUKATIZWA

Sasa tunafika penye uzito.

Tarehe 1 Julai 2012, siku ya Jumapili, makanisa mawili mjini Garissa yalishambuliwa na waumini wakauawa ibadani. Kwetu mikesha ilikoma. Baada ya siku hizo viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao watasaidia kuyalinda makanisa, na jambo hilo hatutalisahau.

Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi wa umri wa waimbaji wetu. Ilikuwa siku moja kabla ya Ijumaa Kuu. Serikali iliweka kafyu kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi katika Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Mazoezi yetu, ambayo sikuzote yalikuwa ya jioni baada ya kazi, yalihamia mchana wa jua kali. Mpiga besi wetu wa pili, aliyekuwa mfanyakazi wa afya, aliomba uhamisho kama wengi wengine. Hakuna aliyemlaumu. Aliliweka gitaa kwenye kona ya kanisa, akatushika mikono mmoja mmoja. Lilikaa kwenye kona hiyo miezi mingi, kwa sababu hakuna aliyejua hata kulikaza nyuzi.

Alikuja wa tatu, mwalimu tena, naye alipiga kuliko wote waliomtangulia. Kisha, Januari 2020, walimu watatu waliuawa huko Kamuthe katika kaunti yetu hii, na Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawaondoa walimu wasio wenyeji katika sehemu nyingi za kaunti hizi. Mpiga besi wetu aliondoka kwa haraka. Hakupata nafasi ya kuaga kanisani. Gitaa na amplifaya alimwachia jirani yake, mzee Muislamu mwenye duka, ambaye aliviweka stoo kati ya magunia ya sukari na unga. Tulipotaka kumlipa kwa nafasi ile alikataa. Alisema hiyo ni amana, na amana hailipiwi kodi.

Machi mwaka huo huo korona iliingia nchini na makanisa yakafungwa. Yaliporuhusiwa kufunguliwa Julai, ibada ilikuwa ya saa moja, watu wasizidi 100, watoto wa chini ya miaka 13 na wazee wa zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Tukasimama kuimba, mmoja hapa, mwingine kule, midomo imefunikwa, bila besi. Wimbo ulianza vizuri. Kufika ubeti wa tatu tulikuwa tumeshuka sauti bila kujua, sauti ya nne wameishiwa na noti chini, na kinanda kilipoingia kilikuwa kwenye wimbo mwingine. Tulikaa chini kabla ya kumaliza.

KOSA LETU

Hapa ndipo tunapotaka kusema ukweli. Kwa miaka yote hiyo kulikuwa na binti mmoja wa sauti ya pili, Mpokomo, mzaliwa wa kandokando ya mto, aliyekuwa akikaa karibu na spika wakati wa mazoezi. Aliwahi kuomba afundishwe besi. Sisi tulimjibu kwamba besi ni nzito, ni ya wanaume, na tena yeye bado mdogo, aendelee kuimba. Hakuomba tena. Lakini hakusogea mbali na spika.

Juma lililofuata ile ibada alimwendea mwalimu wa kwaya akasema, "Mwalimu, naomba nijaribu." Tulikwenda dukani kwa mzee, tukalitoa gitaa kati ya magunia, tukalipangusa vumbi. Alama za chaki za mwalimu wa kwanza zilikuwa zimefutika zamani. Binti akaweka kidole chumba cha tatu cha uzi mnene bila kuonyeshwa. Akapiga do. Akahamia fa, akaenda sol, akarudi akipitia la na ti. Miaka yote hiyo alikuwa akiimba njia ya besi kwa sol-fa moyoni huku mdomo ukiimba sauti ya pili. Vidole vyake vilikuwa laini na vilitoka malengelenge siku ile ile, lakini kwaya ilisimama.

Tulitafakari sana baada ya hapo. Mara tatu tulikuwa tumempokea mgeni, tukamkabidhi msingi wa wimbo wetu, na hatukumwomba amfundishe mtu hata mmoja. Mwenyeji, ambaye hana barua ya uhamisho na hana mahali pengine pa kwenda, tulimwacha akiwa amekaa karibu na spika. Majanga yaliyotupata hayakuwa makosa yetu. Kubaki bila mpiga besi kila baada ya janga kulikuwa kosa letu.

KANUNI TULIYOIWEKA

Tangu hapo tuna kanuni moja katika upande wa vyombo: hakuna anayeshika chombo bila mwanafunzi pembeni. Awe mwenyeji au mgeni, mwanamume au mwanamke, siku anayopewa gitaa ndiyo siku anayotajiwa atakayemfundisha. Alama za vyumba sasa zimechorwa kwa rangi, si chaki.

Kanuni hiyo imekwisha kupimwa. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilipofurisha Tana na kukata barabara, mpiga besi wetu alikwama ng'ambo ya mto kwa majuma kadhaa. Mwanafunzi wake, kijana wa kidato cha tatu, alipiga kila Jumapili. Alikosea, tena sana, hasa kwenye nyimbo za mwendo wa haraka. Lakini hakuna wimbo uliokatika katikati.

Leo katika ibada ya yubile mtamwona dada yetu akiwa amesimama mahali pake nyuma kidogo, karibu na ngoma, na mwanafunzi wake akiwa pembeni. Gitaa ni lile lile jekundu. Katika wimbo wa tatu wa programu watabadilishana mbele yenu bila wimbo kusimama. Tumelifanyia mazoezi jambo hilo kuliko wimbo wenyewe.

Tunawashukuru wote watatu waliotangulia, popote walipohamia. Wawili wametuahidi kwamba watakuwapo leo, Bwana akipenda, na tumewawekea viti vya mbele. Tunamshukuru mzee wetu mwenye duka, ambaye pia amealikwa kwa chakula cha mchana baada ya ibada. Na tunawaomba ninyi wazazi: mtoto wako akisimama karibu na spika wakati wa mazoezi, msimfukuze. Tuleteeni. Mazoezi ni Jumamosi saa tisa alasiri, na nyuzi mpya zimefika.



Sisi wa upande wa vyombo